Pawa klini: chuma kinanikimbia mbele, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo kocha. Niko Kihesa, Iringa, nacheza mpira wa kikapu, nina kilo 74. Pawa klini yangu (kuvuta chuma kutoka sakafuni na kukidaka mabegani kwa mkupuo mmoja) imegota kilo 60. Nikizidisha hapo chuma kinanikimbia mbele, nakidakia viganjani viwiko vikiwa chini, na kesho yake vifundo vya mikono vinauma. Jimu wananiambia mikono haina nguvu, niongeze baisepsi, misuli ya mbele ya mkono. Sahani kubwa za uzito hatuna, tunafunga zile ndogo za kilo 10.

JIBU: Marahaba. Mikono iache kwanza. Kilichonigutusha ni hizo sahani ndogo ulizozitaja mwishoni kana kwamba hazihusiki.

Sahani kubwa ya mashindano ina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma hukaa sentimita 22 na nusu kutoka sakafuni. Mbinu unazoziona kwenye video zote zinaanzia kimo hicho. Chukua futi upime za kwenu. Zikiwa na kipenyo cha sentimita 28, chuma kiko sentimita 14 tu, na mcheza kikapu mwenye miguu mirefu hawezi kukifikia huko chini bila kupinda mgongo. Ukianza kuvuta, nyonga zinapanda kabla chuma hakijaondoka, mabega yanaangukia mbele, uzito unahamia kwenye vidole vya miguu. Chuma kikifika pajani unakipiga kwa nyonga kinakwenda mbele badala ya juu. Ndiyo maana unakikimbilia.

Dawa yake ni mbao, na huko kwenu mbao za paini za Mafinga si kitu cha kutafuta kwa tochi. Kwa mfano huo wa sentimita 28, weka chini ya sahani ya inchi 2 na juu yake ya inchi 1, kila upande. Umefidia kama sentimita 7 na nusu, inatosha. Pigilia vipande vyembamba mbele na nyuma ili sahani zisiviringike. Na usiachie chuma kutoka begani. Kishushe mapajani kwanza, halafu mbaoni, maana sahani za chuma hazina mpira wa kupokea kishindo.

Kisha panga mwili. Chuma kiwe juu ya kamba za viatu, mabega yatangulie chuma kidogo, mikono imenyooka. Dole gumba lizunguke chuma kwanza, vidole vilikandamize kwa juu. Linauma siku za mwanzo, vumilia. Kutoka chini hadi gotini usiwe na haraka: sukuma sakafu kwa miguu, magoti yarudi nyuma kupisha chuma, mgongo ubaki na mwinamo uleule. Chuma kikishapita magoti, yarudi tena mbele chini yake huku kifua kikinyanyuka, na chuma kiguse paja la juu. Hapo ndipo unaruka, kama unavyorukia ribaundi, mikono ikiwa bado imenyooka. Wengi hukunja viwiko mapema wakidhani wanasaidia, kumbe nguvu ya miguu inapotelea pale pale kwenye viwiko.

Jirekodi kwa ubavu, simu ikiwa usawa wa nyonga. Simamisha picha chuma kikiwa gotini. Mabega bado yako mbele ya chuma na kisigino kimekanyaga? Kosa lako liko juu ya goti. Nyonga zimeshafika juu na kisigino kinaning'inia? Kosa limeanzia chini, na nadhani ndivyo utakavyoona.

Kuhusu viwiko, weka chuma kitupu begani kama unataka kupiga skwati ya mbele, yaani kuchuchumaa chuma kikiwa mbele ya mabega. Vikipanda vizuri, huna tatizo la viungo, ni chuma tu kinachokuja kikiwa mbali. Visipopanda, nyoosha misuli ya nyuma ya mikono na ya ubavuni kila siku, na legeza vidole unapodaka: chuma kilale mabegani, vidole viwili vitatu vya kukizuia vinatosha. Vifundo vikivimba au kuuma hata ukiwa umepumzika, acha kudaka, nenda hospitali.

Shuka hadi kilo 40. Wiki mbili za mwanzo usianzie chini kabisa, anzia juu kidogo ya goti: seti 5 za mara 3, pumzika dakika 2 hadi 3 katikati, siku mbili kwa wiki, kabla ya mpira na si baada yake. Halafu hamia mbaoni, ukiongeza kilo 2 na nusu pale tu video inapokuridhisha. Baridi ya huko Juni na Julai unaijua. Ruka kamba mpaka utoe jasho kabla ya kugusa chuma.

Baisepsi piga kama unazipenda, ila isiwe jana yake. Zikikaza, viwiko vitachelewa kuzunguka.