Dawa ya shepu ilinikubali kupita kiasi

Kazi yangu ni kupaka hina. Msimu wa harusi ukiingia hapa Lamu nashinda nimeinamia mikono na miguu ya watu, na mtu aliyepakwa hina hawezi kushika simu, kwa hiyo huongea. Nasikia yote: nani kaposwa, nani kaachwa, nani anameza nini ili gauni la siku ya kupamba limkae. Dawa za shepu nilizijua miaka mingi kabla sijazinunua, na waliozinunua niliwacheka.

Kisha ikaja harusi ya binti wa shangazi yangu. Tulishonewa nguo sare, na mshonaji alipokuwa ananipima akauliza kwa mzaha, "Wewe hapa nyuma nikutilie sponji?" Wenzangu wakacheka, nami nikacheka. Usiku wake nikafungua simu.

Tangazo lilikuwa na picha mbili. Kushoto mwanamke mwembamba, kulia yule yule amejaa. Chini yake: mitishamba halisi, haina kemikali, siri ya mabibi zetu, matokeo ndani ya siku 30. Nilipouliza bei niliitwa "kipenzi" mara tatu katika ujumbe mmoja. Shilingi 3,500 dozi ya mwezi, tuma kwa M-Pesa kwenye namba ya mtu, jina la mwanamume. Wiki ile ile chupa ikaja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, nikaipokea gatini nikaificha ndani ya buibui kama mtu aliyeiba.

Wengi wanaoonya kuhusu dawa hizi husema ni unga wa bure, haufanyi kitu. Yangu ilifanya. Siku ya nne nilikuwa na njaa ambayo sikuwahi kuijua hata Ramadhani. Asubuhi mahamri sita kwa mbaazi, na kabla ya adhuhuri nikawa natafuta mkate wa mofa. Wiki ya pili mashavu yakajaa, bangili zikanibana, na wateja wakaanza, "Mashallah, umenawiri, siri yako nini?" Muuzaji akaniomba ushuhuda. Nikimtumia picha na sauti fupi, dozi ya pili atanipunguzia 1,000. Nikajipiga picha mbele ya kioo, mkono kiunoni, nikarekodi: "Jamani, dawa imenikubali." Hilo nitalirudia.

Nilikuwa kwenye chupa ya tatu, harusi imeshapita, bibi yangu aliponishika. Macho yake ni hafifu lakini mikono yake inaona. Niliinama kumbusu mkono, akanikamata uso akaupapasa.

"Ndoo hapa. Uso ni wa nani huu?"

Nikamwambia ni mitishamba tu, bibi. Akataka aione. Nikafungua kapsuli moja nikaimwaga kwenye kisahani cha kahawa: unga wa kijani, mkavu kama vumbi la chokaa, na ndani yake chembe nyeupe. Akanusa. Akatia ncha ya ulimi, akatema kwenye kitambaa.

"Mti una harufu," akasema. "Hiki hakina."

Bibi dawa zake anazijua kwa pua. Muarobaini uchungu wake haujifichi. Mzazi akipewa uwatu, hazipiti siku tatu jasho lake lote linanuka uwatu. Na hizo zinazoitwa siri ya mabibi zetu, mabibi wenyewe hawakuzifanya siri. Uwatu na habasoda vinauzwa dukani hadharani, unapimiwa ukiona. Wala sijapata kumsikia bibi hata siku moja akimwahidi mtu makalio.

Nilikwenda kituo cha afya na chupa mkobani. Presha juu, sukari imepanda. Daktari alinitazama uso kabla ya kutazama karatasi, akauliza, "Unameza nini?" Pale hapana mashine ya kupima kilichomo ndani ya kapsuli, na hakuapa. Alisema tu kwamba uso wa duara namna hii, tumbo hili, na kile kinundu cha mafuta kilichoanza nyuma ya shingo yangu, ameviona kwa watu waliomeza deksamethasoni ovyo.

Deksamethasoni yenyewe si sumu. Ni dawa nzuri, huwafaa watu wa mzio mkali, na mwaka 2020 ilithibitika kupunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliohitaji oksijeni. Lakini hutolewa kwa kipimo na kwa siku za kuhesabika. Ukiimeza kama karanga, njaa hupanda, mafuta huhamia usoni, tumboni na nyuma ya shingo, huku misuli ya mikono na miguu ikinyauka. Yaani nililipia nyonga nikapewa mashavu. Mwenzake ni siproheptadini, dawa ya mzio yenye kuleta njaa na usingizi, ambayo hupatikana kwenye baadhi ya dawa za maji za kunenepesha. Kwa yote mawili unachopata ni kunenepa, na unene ukija hauulizwi ukae wapi. Hakuna mti unaoyaambia mafuta yashuke nyonga yapite tumbo.

Kosa nililokuwa karibu kulifanya ni kuitupa chupa baharini siku ile ile. Daktari alinikataza nisiache kwa ghafla. Juu ya figo kuna tezi ndogo zinazotengeneza homoni ya jamii moja na deksamethasoni. Ukiwa unaimeza kutoka nje, zenyewe hulala. Ukikata ghafla baada ya miezi, unaweza kubaki huna ya chupani wala ya mwilini, presha ikaporomoka ukaanguka. Akaniandikia vidonge vyenye kipimo kinachojulikana, akavipunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo kama unasoma hapa na chupa iko kabatini mwako, na umeitumia kwa muda: usiimwage, wala usiimalizie. Itie mkobani uende nayo hospitali, na aibu uiache nyumbani. Yule daktari alijaza fomu ya kuripoti madhara kwa Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo ndiyo inayosajili dawa Kenya, za mitishamba pia. Hakunicheka. Niliyekuwa nikimwogopa ni mimi mwenyewe nilivyowacheka wenzangu.

Nikiwa nyumbani napumzika, nikairudia ile picha ya tangazo. Nikaikuza. Mwanamke wa kushoto ana hina mkononi. Wa kulia ana hina ile ile, ua lile lile, rangi ya damu ya mzee, ncha za vidole zimekolea sawasawa. Siku 30! Hina ikifika wiki ya pili huanza madoadoa, ya tatu inakwenda zake. Picha zote mbili zilipigwa mchana mmoja: kushoto kajibana, kulia kavaa sponji na simu imeshushwa chini. Mimi, mpakaji hina, nililipa kwa ajili ya picha ile mara tatu.

Ndipo nikaanza kuiangalia na chupa kwa jicho jingine. Namba ya toleo hakuna. Anwani ya mtengenezaji ni neno moja, "Afrika". Ilikuwa na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, lakini chini yake hapana namba ya kibali, imechapwa tu kama pambo. Alama ya kweli huja na namba: unaandika SM# ukifuatisha na namba yenyewe, unatuma kwa 20023, unajibiwa bidhaa ni ya nani. Inakula dakika moja. Na hata ikijibiwa vizuri, kumbuka hiyo si hati ya kwamba utapata shepu. Kwa kitu kinachodai kubadilisha mwili, taka namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu, na ukiambiwa "ya asili haihitaji usajili," hapo mazungumzo yameisha.

Waume zetu na kaka zetu wasikae pembeni wakitabasamu. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, kwa miaka sasa imekuwa ikitangaza bidhaa za "mitishamba ya nguvu za kiume" zilizopimwa zikakutwa na sildenafili, kiini cha Viagra, bila kuandikwa popote kwenye pakiti. Mzee wa moyo anayetumia dawa za naitreti akichanganya na hiyo, presha yaweza kushuka hadi kumtoa roho, na nyumbani watasema alikunywa chai ya mizizi tu. Za kukata tumbo nazo zimekutwa na sibutramini, iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi.

Kwa hiyo mteja akiniambia, "Lakini ya shoga yangu inafanya kazi," simbishii. Namuuliza ilianza siku ya ngapi. Akisema ya tatu au ya nne, namwambia akamlete shoga yake tumpime presha.

Sasa ule ushuhuda wangu. Nilimwandikia muuzaji aitoe picha, akaifungia namba yangu. Ukurasa wake nimeuripoti mara nne. Unafungwa, unazaliwa upya kwa jina jingine, na picha yangu imo. Mwezi uliopita msichana wa Faza alikuja kupakwa hina, akanitazama sana, akaniambia, "Dada, si wewe uliyesema dawa imekukubali?" Alikuwa ameshatuma pesa. Nilimwekea mikono yote miwili kwenye mto, hina mbichi, asiweze kwenda popote, nikamweleza kila nilichokuandikia hapa.

Macho yangu wameyaziba, lakini utanijua. Mwanamke mbele ya kioo chenye fremu ya mbao, mkono kiunoni, hina ya maua ya asumini kuanzia kidole cha shahada hadi kwenye kiwiko. Hina niliipaka mwenyewe. Mashavu ni presha 160 kwa 100.