Maswali ya Wasomaji: Kuchagua Picha Nako ni Kazi?

Swali

Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni kijana wa miaka 24, nimeajiriwa kwenye studio ya picha River Road. Kutwa ni pasipoti, picha za familia na albamu za arusi. Kupiga picha napiga, ila moyo wangu uko kwenye kuchagua. Bibi arusi akiletewa picha mia tatu, mimi ndiye hukaa naye tukazichambua mpaka zibaki arobaini. Nimesikia kuna watu wanaohariri majarida ya picha na kuandaa maonyesho, na hiyo ndiyo riziki yao. Hapa Nairobi kazi hiyo ipo kweli? Lazima niende kusoma ng'ambo? Mama anasema nitafute kazi inayoeleweka.
*Msomaji, Kayole*

Jibu

Kijana wangu, ipo, na hayo unayofanya na maharusi ndiyo mlango wake. Wengi hudhani mhariri wa picha huokota zile nzuri akazipanga, basi. Picha nzuri zimejaa tele mjini hapa. Mhariri hutafuta zinazosemezana.

Niliwahi kuhariri kurasa za wauza mitumba wa Gikomba. Mpiga picha alikuwa na picha ya machweo, moshi umetanda juu ya Mto Nairobi, na aliipenda kuliko zote. Mimi nikashika ya mikono ya mama mmoja akikata mikanda ya belo kwa kisu, vidole vimekaza, ukosi wa shati jeupe unachungulia. Mkabala wake nikaweka kijana anayenyoosha ukosi kwa pasi ya makaa. Msomaji akifungua tu, anaona safari ya shati kabla hajasoma neno lolote. Ile ya machweo haikuingia, na tulibishana hadi jioni.

Kuna mambo madogo ya mezani utakayojifunza mapema. Mtu anayetazama kando, mpange atazame ndani ya jarida, asiangalie nje. Uso usiuweke kwenye mshono wa katikati, utamezwa. Ukutani mambo hubadilika kwa kuwa mtazamaji anatembea: picha ndogo humvuta karibu, kubwa humrudisha nyuma, nawe ndiye unayempangia hatua zake.

Kuhusu masomo, tazama waliotangulia. Okwui Enwezor wa Nigeria alisomea sayansi ya siasa Marekani, tena alikuwa mshairi. Mwaka 1994 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Nka, jarida la sanaa ya Kiafrika, na 1996 miongoni mwa walioandaa maonyesho ya wapiga picha wa Kiafrika katika jumba la Guggenheim, New York. Kufika 2002 aliongoza Documenta, maonyesho makubwa ya sanaa kule Kassel, Ujerumani, Mwafrika wa kwanza kupewa jukumu hilo. Simon Njami, mwandishi mwenye asili ya Kamerun, alishirikiana na wenzake kuanzisha jarida la Revue Noire mjini Paris mwaka 1991, baadaye akaongoza maonyesho makubwa ya picha ya Bamako, Mali. Wote wawili walipitia kwenye karatasi ndipo wakafika ukutani. Bisi Silva naye alisomea kazi hii London, akarudi nyumbani na kufungua kituo cha sanaa Lagos mwaka 2007. Kwa hiyo shule inasaidia, ukiipata usiikatae, lakini usiketi ukiisubiri.

Shule yako ya wiki hii ni Alliance Française pale Loita Street na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani, pamoja na Nairobi Gallery, lile jengo lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Nenda na daftari. Andika kwa nini picha ya tatu imewekwa baada ya ya pili, na ungeondoa ipi.

Ningependa uweke bidii hasa kwenye maelezo ya picha. Nani, wapi, lini, amepiga nani. Nimeshika picha nyingi za zamani zilizoandikwa nyuma "mwanamke sokoni" na si zaidi. Mama yule alikuwa na jina, na aliyempiga picha angeweza kumwuliza. Linaniuma mpaka leo.

Unamjua Priya Ramrakha? Alizaliwa Nairobi 1935, akapiga picha za Kenya ikitafuta uhuru, akauawa kwenye vita vya Biafra kule Nigeria mwaka 1968 akiwa kazini. Negativu zake zilikaa miongo kadhaa kwenye gereji humu humu Nairobi, mpaka jamaa wa ukoo wake akazifungua, zikatoka kitabu na maonyesho. Sasa inua macho uangalie rafu za hiyo studio yako. Kama mwajiri wako alifungua zamani, kuna maboksi. Mwombe ruhusa uyapange kwa mwaka, uyaandikie majina kutoka kwenye vitabu vya risiti. Hapo una maonyesho yako ya kwanza.

Lakini usitundike kitu kabla ya kuuliza. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, hakimiliki ya picha iliyoagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Familia zitafute, ziketi na picha zao. Watakupa pia majina yaliyopotea.

Mama usimlaumu. Nafasi za mshahara wa mwezi ni chache: dawati la picha la gazeti, makumbusho, mashirika. Wengi wetu huunganisha uhariri wa vitabu, kufundisha na maonyesho mawili matatu. Studio usiiache bado. Siku ya ufunguzi, mama akae mbele.

Swali

Gazeti lilikata picha yangu nusu, na jina langu halikuwekwa. Mhariri ana haki hiyo?
*Mpiga picha, Ngong*

Jibu

Kukata kidogo ili picha ienee kwenye ukurasa ni kawaida, ila mhariri muungwana hukupigia simu kwanza. Kukata mpaka maana ikageuka ni jambo jingine. Sheria hiyo hiyo ya Hakimiliki inakupa haki ya kutambuliwa kuwa ndiwe uliyepiga picha, na ya kupinga kazi yako ikiharibiwa kwa namna inayokuvunjia heshima. Waandikie, ambatisha picha nzima na ukurasa wao, omba sahihisho katika toleo lijalo. Safari nyingine, kabla hujatuma picha, andika jina lako ndani ya faili yenyewe, na makubaliano yawe ya maandishi.