Kabla hujanunua LED, seti kwanza taa za pikapu yako ikiwa na mzigo

Mi nabeba nyanya kutoka Ilula kushuka Moro, matenga yamejaa mpaka juu, na safari karibu zote ni usiku ili alfajiri niwe sokoni. Kwa muda mrefu Hilux yangu ilikua inamulika kama kibatari. Unapita Mikumi mbugani, nyati anaweza akawa katikati ya lami na rangi yake ndo ileile ya usiku, we unachoona ni hatua chache mbele ya bampa, na hapohapo malori yanayokuja yanakupiga fuli, ule mwanga wa juu, mfululizo wakati uko kwenye dimu, mwanga wa chini.

Nikaenda Kariakoo nikanunua balbu za LED nikachomeka kwenye taa zilezile za halojeni. Ukisimama mbele ya gari zinawaka hatari, ila barabarani mwanga umetawanyika wote, uko kwenye majani na kwenye macho ya watu. Ile sahani inayong'aa ndani ya taa imechongwa ifuate kile kiwaya cha balbu ya H4 kikae palepale kinapotakiwa, ukileta LED ya bei chee yenye umbo lake mstari wa dimu unavurugika. Nilizitoa siku bodaboda alipotoka nje ya barabara mbele yangu karibu na Ruaha Mbuyuni kwa sababu haoni kitu, hakuumia namshukuru Mungu, nilishuka nikamuomba radhi mikono inatetemeka.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi umeme wa magari. Gari ikiwa inaunguruma akapima betri, volti 13.8, akapima kwenye soketi ya balbu, 11.6. Akaniambia mwanangu taa zako zina njaa. Volti mbili na ushee zimeishia kwenye waya chakavu na swichi, na halojeni ikikosa umeme kiasi hicho mwanga unashuka karibu nusu. Akafunga rilei mbili, yani viswichi vinavyowashwa na umeme, moja ya dimu moja ya fuli, waya nene moja kwa moja toka betri, na fyuzi karibu kabisa na betri, hiyo usikubali fundi airuke maana waya ukichubuka gari inaungua. Balbu nikarudisha za kawaida, wati 60 za fuli na 55 za dimu, na aisee ni gari nyingine kabisa. Kama vioo vya taa zako ni vya plastiki na vimepauka piga msasa wa maji, namba 800 halafu 1500 halafu 2000, kisha polishi na klia juu, ile rangi isiyo na rangi ya kukinga. Dawa ya meno haidumu.

Sasa kuseti, na hapa ndo wengi wanakosea. Tafuta ukuta na sehemu iliyo sawa, jaza upepo matairi, pakia mzigo unaobeba siku zote, dereva akae kwenye kiti. Simamisha gari mita 10 toka ukutani, pima urefu toka chini mpaka katikati ya taa, weka tepu ukutani kwa urefu huohuo. Washa dimu, mstari wa mwanga unatakiwa uwe sentimita 10 mpaka 15 chini ya tepu, upande wa kushoto unapanda kidogo kumulika pembezoni. Ziba taa moja useti nyingine, skrubu ziko nyuma ya taa, bisibisi ya nyota inatosha.

Kwa nini na mzigo? Toka tairi la mbele mpaka la nyuma Hilux ina kama mita 3, springi za nyuma zikishuka sentimita 6 tu mwanga unapanda sentimita 20 pale ukutani, yani taa uliyoseti gari tupu sasa inamulika usoni kwa mwenzio. Kama gari yako ina kile kinobu cha kushusha taa kwenye dashibodi, seti ikiwa tupu kinobu kikiwa sifuri, ukipakia shusha.

Na kama pikapu yako ililetwa ikiwa na usukani wa kushoto, angalia ule mstari unapandia wapi. Ukipandia kulia hakuna skrubu itakayokusaidia, badilisha taa nzima.