Vidonda vya tumbo: ubongo una mkono gani?

*Daktari, nimesoma kwamba kuna "peptidi za ubongo na tumbo" zinazozuia vidonda. Ni kitu gani hicho?*

Peptidi ni mnyororo mfupi wa amino asidi, zilezile zinazojenga protini. Baadhi ya peptidi hizi hutengenezwa tumboni na pia ubongoni, na ndiko jina lilikotoka. Mwaka 1931 Ulf von Euler na John Gaddum walichuja kemikali moja kutoka kwenye ubongo na utumbo wa farasi, wakaikuta ileile pande zote mbili. Baadaye zikajulikana nyingine nyingi: kolesistokinini, inayotoa taarifa kwamba umeshiba, na grelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, ambayo hutoka zaidi tumboni na kuamsha njaa.

*Tindikali ya tumbo inaweza kumeng'enya nyama. Mbona tumbo lenyewe halimeng'enywi?*

Hili ni swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie nikilijibu kwa urefu.

Ukuta wa tumbo kwa ndani umefunikwa na ute mzito uliochanganyika na bikaboneti, chumvi inayopunguza makali ya tindikali. Upande wa chakula kiwango cha pH (kipimo cha ukali wa tindikali; namba ikiwa ndogo, tindikali ni kali zaidi) kinaweza kushuka hadi 1 au 2, lakini chini ya ute, pale zilipo seli, kinakaribia 7, yaani karibu na maji. Chini ya ute, seli zimeshikana barabara, na zinazochakaa hung'oka na kupisha mpya kila baada ya siku chache. Chini yake tena kuna damu. Watu wengi huisahau damu, nayo ndiyo nguzo: tindikali ikipenya, damu huipunguza makali, huizoa na kuleta oksijeni ya kufanyia ukarabati.

Sasa nani anaiambia damu ije? Hapo ndipo peptidi zinapoingia. Ndani ya ukuta huo kuna ncha za neva za hisia. Zikigusana na tindikali iliyovuja, humwaga peptidi iitwayo CGRP. Peptidi hiyo, ikisaidiana na gesi ya nitriki oksaidi inayotengenezwa mwilini, hutanua mishipa midogo na damu hufurika mahali palipoguswa, mara nyingi mwenye tumbo hana habari.

Grelini na kolesistokinini nazo zina sehemu yao. Panya wakipewa peptidi hizi kabla ya kunyweshwa pombe kali au kuwekwa kwenye hali ya msongo, michubuko tumboni hupungua. Lakini ukizima neva za hisia, au ukikata neva ya vegasi inayounganisha ubongo na tumbo, kinga hiyo hupungua sana. Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa la utafiti huu: peptidi haikai juu ya kidonda kama plasta. Inatuma ujumbe, na ujumbe unahitaji njia iliyo wazi.

*Ni kweli pilipili huleta vidonda?*

Haivisababishi. Kiini cha ukali wake, kapsaisini, huamsha neva zilezile zinazotoa CGRP. Kwa panya, kiasi kidogo hulinda tumbo. Kiasi kikubwa kupita kiasi huziua neva hizo, na tumbo hubaki bila mlinzi. Hata hivyo, mwenye kidonda kinachouma asiifanye pilipili kuwa dawa. Ikimchoma, aiache.

*Mama yangu anasema vidonda vyangu vimetokana na mawazo. Ana haki?*

Mama hajakosea kabisa. Hans Selye alionyesha mwaka 1936 kwamba panya walioteswa na mishtuko mikali hupata vidonda tumboni. Jambo la ajabu lilikuja baadaye: homoni ya ubongo iitwayo TRH ikiwekwa kwa kiasi kidogo sana kwenye shina la ubongo la panya, tumbo hulindwa, ikizidishwa, vegasi huchochewa mno, tindikali humwagika na tumbo huchubuka. Ubongo uleule, homoni ileile, kipimo tofauti.

Lakini kwa binadamu vyanzo vikuu ni viwili: bakteria *Helicobacter pylori* na dawa za maumivu aina ya aspirini na ibuprofeni. Daktari wa Australia Barry Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 ili kuonyesha madhara yao, ukuta wa ndani wa tumbo lake ukavimba, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua bakteria hao. Kwa hiyo mheshimu mama, upunguze mawazo, lakini kapime bakteria. Kuna kipimo cha pumzi na cha choo.

*Mtandaoni wanauza sindano za BPC-157, eti peptidi inayoponya vidonda. Ninunue?*

Usinunue, tafadhali. Ni peptidi ya amino asidi 15, na sehemu kubwa ya sifa zake imetokana na majaribio ya panya. Haijaidhinishwa kuwa dawa ya vidonda, na tangu 2022 imo katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku michezoni. Kinachoniumiza ni kwamba mtu hujidunga kitu kisichojulikana usafi wake huku bakteria wanaendelea kumla tumbo, ilhali tiba ya kuwaua ipo: antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza tindikali kama omeprazoli, kwa kawaida siku 14. Maliza dozi hata ukipata nafuu siku ya nne, kisha rudia kipimo angalau wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki. Daktari atakuelekeza pia lini uache omeprazoli kwanza, maana inaweza kuficha bakteria.

*Nina maumivu ya magoti na nilishawahi kuwa na kidonda. Naweza kuendelea na ibuprofeni?*

Usiendelee kabla ya kuongea na daktari wako. Dawa hiyo huzuia prostaglandini, kemikali za mwili ambazo huchochea ute na bikaboneti. Baadhi ya peptidi nilizozitaja juu hufanya kazi kwa kupitia prostaglandini hizohizo, kwa hiyo unakata njia mbili kwa mkupuo. Muulize kuhusu parasetamoli, au dawa ya kulinda tumbo ikiwa ibuprofeni haiepukiki. Ukitapika damu, au choo kikawa cheusi na chenye kunata kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.