Kabla hujaiandika barua ya kuacha kazi

Mwanangu,

Marahaba, sijambo. Umeniuliza: "Mama, hii ni kazi ya tatu nataka kuiacha. Nitajuaje kama tatizo ni mabosi au ni mimi?" Swali hilo limeninyima usingizi, maana mimi mwenyewe nililikwepa miaka mingi.

Unawakumbuka vifaranga 200 waliokufa ukiwa darasa la sita? Kinyesi cha kijani, shingo zimepinda, kila asubuhi tunaokota mizoga kwa ndoo. Nilikuwa nimewapa chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, kwenye maji ya kunywa, siku ya 7 ya umri wao na kurudia siku ya 21, basi nikasema muuza dawa kaniuzia chanjo mbovu. Nikahama duka. Kundi lililofuata nalo likateketea.

Kundi la tatu nikaanza kuandika kwenye daftari lako la zamani la hesabu: leo nimefanya nini, saa ngapi, kwa nini, na nategemea nini. Bwana mifugo alipopita akalisoma, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: "Chanjo, maji ya bomba, saa nne. Wamemaliza jioni." Akanieleza kwamba chanjo ile ni virusi hai. Klorini, ile dawa ya kusafisha maji ya bomba, huviua, na hata ukitumia maji ya kisima, kuku waimalize ndani ya saa mbili hivi. Ndiyo maana hunyimwa maji kwanza, wapate kiu. Kumbe chanjo ilikuwa nzima, nikaiharibu mimi ndooni. Tukachanja upya, kundi likasalimika.

Nililia, mwanangu. Yule muuza dawa nilikuwa nimemsema soko zima. Nilirudi kumwomba radhi.

Sasa wewe, wiki hii usiache kazi. Nunua daftari. Kila jioni andika jambo moja la kazini: nini hasa kilisemwa, ulijibu nini, ulitarajia nini kifuate. Andika siku ileile. Ukingoja wiki utakuwa umeshajitetea moyoni, na utaandika huo utetezi. Siku iliyokwenda vizuri nayo iandike. Mwezi ukiisha, soma yote kwa mkupuo, utafute kinachojirudia.

Huenda mabosi ni wabaya kweli, wapo. Ukiliona hilo kwenye daftari, ondoka, nauli nitakutumia mimi.

Kwa kuanzia, niandikie kuhusu ile kazi ya kwanza. Siku uliyoamua kuondoka, asubuhi yake kulitokea nini?

Mama yako