Jibu: Manete ya PS4 inatembeza mutu yenyewe pa kushoto

Ndugu, umeuliza juu ya manete (ile ya kushika na mikono ya kuchezea) yenye kupeleka mutu wa ndani ya mchezo kushoto wakati haugusi kitu, na butoni X yenye kukwama: usikimbilie kununua ingine. Ndani ya jostiki (kale kajiti ka kusukuma na kidole gumba) kuko njia mbili za kaboni zenye kupima mwendo, zikilika ao vumbi ikiingia, manete inazani kidole yako iko pale. Na sisi wa Goma na hii vumbi nyeusi ya volkano, we acha tu.

Anza na resete: zima mashine, nyuma karibu na L2 kuko katundu kadogo, finya na sindano segonde 5. Ikikatala, toa visi 4 za nyuma, fungua polepole sababu kuko kafulati (kawaya ka bapa) kembamba kenye kuunganisha pande zote mbili (yangu nilikakata juu ya haraka, wiki muzima bila kucheza mupira ya PS4). Chomoa bateri kwanza. Kisha tia tone mbili za alkoli ya 90% kwenda juu chini ya jostiki, zungusha kama mara 30, acha ikauke muzuri. Ile ya 70% ya farmasi iko na maji mingi, na parfe hapana, hapana kabisa.

Butoni X yenye kukwama, hiyo mara mingi ni sukari ya jus, osha kaplastiki na kaushu yake na maji ya vuguvugu.

Ikirudi tena, jostiki imelika, inabadilishwa: iko na miguu 14 ya kusude (kushikisha na risasi ya moto), pelekea fundi wa telefone pale Birere, hapa Goma. Ukipata jostiki ya sumaku, kamata hiyo, haina kaboni ya kulika.