Skolashipu ya riadha kwenye chuo kidogo Marekani: soma kila mstari kabla mpwa wako hajasaini

Mkuu, umeuliza kama barua aliyopata mpwa wako wa Katesh, ya kwenda kukimbia kwenye chuo cha miaka 2 huko Texas, ni ya kweli au ni utapeli, na kama chuo kidogo namna hiyo kitamfikisha popote. Mimi nilitoka Mbulu nikakimbia misimu miwili kwenye chuo cha aina hiyo hiyo, magharibi mwa Texas, kisha nikahamia chuo kikuu na kumaliza digrii. Nitajibu kwa kirefu kwa sababu wakati wangu sikuwa na wa kumuuliza.

Vyuo hivi vipo na skolashipu zao ni za kweli. Vinaitwa vyuo vya jamii, ila usivifananishe na vyuo vyetu vya maendeleo ya wananchi. Mwanafunzi anasoma krediti zipatazo 60, anatoka na digrii ndogo, halafu anahamia chuo kikuu kumalizia zilizobaki. Timu zao ziko chini ya NJCAA, chama kilichoanzishwa mwaka 1938, tofauti na NCAA ya vyuo vikuu.

Sasa ishike hiyo barua utafute neno "divisheni". Hapa si divisheni za matokeo ya kidato cha nne, ni madaraja ya timu ndani ya NJCAA, lakini nayo yanaamua maisha. Chuo cha Divisheni ya I kinaruhusiwa kulipa ada, malazi, chakula, vitabu, na hata nauli ya kwenda na kurudi mara moja kwa mwaka. Divisheni ya II mwisho wake ni ada na vitabu. Kula na kulala ni juu yako. Divisheni ya III haitoi skolashipu ya michezo kabisa. Tena chuo kimoja kinaweza kuwa Divisheni ya I kwenye mpira wa kikapu na ya III kwenye riadha, kwa hiyo uliza kuhusu mchezo wake yeye. Na kwamba chuo kinaruhusiwa kulipa haina maana kwamba kitalipa. Kinachokufunga wewe na wao ni kilichoandikwa, na kimeandikwa kwa mwaka mmoja wa masomo tu. Mwaka wa pili kocha anaamua upya. Nimeona kijana aliyeumia msuli wa nyuma ya paja mwezi wa tatu, na mwezi wa tano akaambiwa nafasi yake imepewa mwingine. Alikuwa kijana mwenye nidhamu kuliko sisi wote. Bado inaniuma.

Kuna jambo la kodi ambalo mawakala hawalitaji. Ile sehemu ya skolashipu inayolipia malazi na chakula, serikali ya Marekani inaihesabu kama kipato, na kwa mwanafunzi mgeni wa viza ya F-1 inakatwa 14%. Malazi na chakula vikiwa dola 5,000 kwa mwaka, hiyo ni dola 700. Mimi niliikuta kama deni kwenye akaunti yangu ya chuo, na ukiwa na deni huruhusiwi kujiandikisha muhula unaofuata. Niliilipa kwa kufua jezi na kupanga vifaa vya mazoezi kwa dola 7.25 kwa saa. Viza inaruhusu kazi za ndani ya chuo tu, zisizozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Akija mtu akamwambia kuna kazi ya mgahawani mjini, asiiguse. Akikamatwa, amepoteza kila kitu.

Wakala aliyekutumia hiyo barua anataka shilingi ngapi? Kocha wa kweli halipwi na mkimbiaji. Gharama zinazoeleweka ni mtihani wa Kiingereza, kutathminiwa kwa vyeti vya NECTA, dola 350 za SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wageni) na ada ya viza ubalozini. Fomu ya I-20, inayothibitisha kwamba chuo kimempokea na ambayo anaombea viza, inatoka chuoni wala haiuzwi. Mwambie mpwa wako amwandikie kocha moja kwa moja kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo. Kocha asipomjua, umepata jibu lako.

Kuhusu maisha ya huko, nisimtishe. Mji wetu ulikuwa mashamba ya pamba na pampu za mafuta mpaka upeo wa macho. Hakuna daladala. Bila rafiki mwenye gari huendi hata dukani. Upepo sikuwahi kuuona wa namna ile: unakimbia kilomita 5 ukiusukuma kwa kifua, na ukigeuza unakurudisha kama umepakiwa kwenye lori. Lakini tulifanya mazoezi kwenye barabara za changarawe katikati ya pamba, na mwezi wa kumi, mbio za nyika zikiwa zimepamba moto, mashamba yalikuwa meupe pande zote, hewa kavu na baridi asubuhi kama kwetu mwezi wa saba. Mashindanoni tulisafiri kwa basi dogo, kocha mwenyewe akiendesha, safari ya muda wa saa nane hata kumi. Ndani ya lile basi nilijifunza Kiingereza kuliko darasani. Tulikuwa Wakenya wanne, mimi Mtanzania peke yangu, na Wamarekani wa vijijini ambao hawakuwahi kupanda ndege. Mama mmoja wa kanisani, ambaye mwanawe tulikuwa naye timu moja, alinichukua Krismasi ya kwanza, maana bweni na mgahawa hufungwa na mgeni hana pa kwenda. Namkumbuka kila Desemba.

Kosa langu kubwa halikuwa uwanjani. Nilipofika nilipangiwa masomo ya maandalizi ya Kiingereza na hesabu, nikayachukua bila kuuliza kwa sababu yalinitimizia krediti 12 za muhula, ambazo zinahitajika kwa viza na kwa timu. Krediti zile hazihamishiki. Chuo kikuu kilichonipokea kilizikata, nikatumia muhula mzima wa ziada kuzifidia, na huo muhula hakuna aliyenilipia. Mshauri wa masomo aliyenipangia alijali tu nibaki na sifa ya kukimbia. Kwa hiyo mpwa wako kabla ya kusaini muhula wowote aulize: somo hili linahesabiwa kwenye digrii ya miaka 4, ndiyo au hapana? Na akiwa na kidato cha sita kizuri, apambane afanye mtihani wa kupangiwa darasa kwa bidii, aruke hayo maandalizi.

Kufika, atafika. Mkimbiaji Mkenya Sally Kipyego alianzia South Plains College, Levelland, chuo cha miaka 2 kwenye tambarare hizo hizo za pamba. Akahamia Texas Tech, Lubbock, kama kilomita 50 tu kutoka hapo, akachukua mataji 9 ya NCAA, na mwaka 2012 akapata fedha ya mita 10,000 Olimpiki ya London. Na sisi tunaye Suleiman Nyambui, aliyesoma na kukimbia El Paso, Texas hiyo hiyo, ingawa yeye alikwenda moja kwa moja chuo kikuu. Medali yake ya fedha ya mita 5,000 Moscow 1980 ni moja kati ya mbili tu za Olimpiki ilizopata Tanzania hadi Paris 2024. Kijana wa Hanang' akisikia hayo asidhani ni hadithi.

Leo fanya hivi. Ingia tovuti ya timu, tazama orodha ya wakimbiaji wa msimu huu, mtafuteni mmoja wa kwetu au Mkenya, mumpigie. Muulizeni mambo matatu: Desemba analala wapi, alipoumia nani alilipa hospitali, na wangapi wa mwaka jana wamehamia chuo kikuu. Kisha iweke hiyo barua hapa, ukifuta jina la kijana na namba zake. Jumamosi nipo nyumbani, nitaipitia mstari kwa mstari.